Mwalimu Aliyepata Sifuri Akafurahi

Kuna watu huugua wakalala, na kuna watu huugua wakaendelea kusahihisha madaftari. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa wa kundi la pili, kundi linalowachosha madaktari kuliko wagonjwa wengine wote, kwa sababu hufika hospitali likiwa limeshapanga la kusema.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na saba kati ya hiyo ameimaliza mbele ya ubao. Mtaani alikuwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wake wawili ambao sasa walikuwa na kazi zao na nyumba zao, mbali. Shuleni aliitwa Onyesha Njia, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Alilipata kihalali. Mwanafunzi angeweza kuleta jibu sahihi kabisa, mwandiko wa kupendeza, mistari miwili chini yake, na Mwalimu akalikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: Njia iko wapi? Jibu lisilo na njia, alikuwa akisema, ni jibu la wizi.

Basi mtu huyo, mwezi wa pili wa mwaka huo, alianza kuchoka. Hakuchoka ule uchovu wa mtu aliyefanya kazi, ambao yeye aliufahamu na kuuheshimu. Aliamka amechoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, robo saa nzima, akikitazama kile cha mkononi na kujiuliza kina faida gani. Chakula kilikuwa hakina ladha. Akiongea na mabinti zake kwenye simu alicheka mahali panapostahili kuchekwa, kisha akikata simu hakumbuki walichokuwa wakisema.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, aliamua kulitafuta kosa. Akachora jedwali kwenye daftari, safu mbili, na juu ya safu ya kwanza akaandika: Sababu za kuhuzunika. Akafikiri. Mume yupo, hanywi, hapigi mtu, hana makuu. Mabinti wana kazi. Nyumba imeisha, isipokuwa dari ya jikoni. Akaandika, "Dari ya jikoni." Akalitazama jedwali lake, safu nzima ina dari peke yake, na machozi yakamtoka. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, analia kwa sababu ya dari. Akaona aibu hata ya kuichana ile karatasi, akaifunika kwa kitabu.

Akahamia kwenye mwili, maana mwili ukiugua hakuna anayekuuliza kwa nini. Alipima macho, akapewa miwani mipya ambayo kwayo aliuona uchovu wake vizuri zaidi. Alipima malaria, hakuna. Alipima sukari na presha, zote zilikuwa sawa kiasi cha kuudhi. Alijitibu vidonda vya tumbo ambavyo hakuna aliyemwambia anavyo. Alikunywa dawa ya minyoo, na wiki mbili baadaye akainywa tena, kwa kuwa ile ya kwanza ilionekana haikuwa na bidii. Kila aliporudi kwenye zahanati ya mtaani aliandikiwa vitamini, hadi chupa zikajaa dirishani pa chumba cha kulala.

Mara ya sita, muuguzi wa zahanati, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, aliweka kalamu chini.

"Mama Pacha, damu yako safi. Hebu niambie, unalala?"

"Nalala."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa."

"Saa tisa ya usiku?"

"Naamka mapema. Nina kazi nyingi."

Muuguzi akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa. Mwalimu aliisomea barabarani. Ilisema: Chumba namba sita, Kliniki ya Afya ya Akili. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, na akaendelea kuikunja hadi ikawa ndogo kama kipande cha chaki, kana kwamba ikiwa ndogo hivyo itasema jambo dogo zaidi.

Hospitali ile, kwa bahati mbaya au nzuri, iliweka chumba namba sita mkabala na chumba namba tano, na chumba namba tano kilikuwa cha meno. Wagonjwa wa vyumba vyote viwili walikaa kwenye benchi moja refu. Mwalimu alilipima benchi kwa macho, akaenda kukaa upande wa meno, na akashika shavu. Hakukusudia kufika mbali hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kando yake alikuwa amekaa mama muuza mitumba wa mtaa wao, shavu limevimba kikweli.

"Pole na jino, Mama Pacha. La juu au la chini?"

Mwalimu akaonyesha kwa kidole, la chini.

"Hilo la chini ndilo baya. Linakupanda mpaka sikioni?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Ikambidi augue jino hilo kwa saa moja na nusu, akipokea ushauri na kuguna panapofaa, na mwishowe, asikuambie mtu, likaanza kumuuma kweli. Mwito wa chumba namba sita ulipotoka aliuacha upite. Wa pili akauacha upite. Alinyanyuka baada tu ya mama muuza mitumba kuingizwa kung'olewa lake, na hapo akavuka korido kwa hatua nne za haraka kama mtu anayekwepa mvua.

Ndani alikuta daktari kijana, shati limenyooshwa vizuri, kalamu tatu mfukoni. Kijana yule alimtazama, akasimama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," alijibu Mwalimu, na moyo ukamwenda mbio. Yeye hakuwa na kumbukumbu nzuri ya majina, ila alama hakusahau. Huyu alikuwa thelathini na moja. Kidato cha tatu, mtihani wa mwisho wa muhula, kiti cha nyuma karibu na dirisha, thelathini na moja kati ya mia. Na aliwahi kumwambia, mbele ya darasa zima, kwamba akiendelea hivyo atakuja kuhesabu mifuko ya watu sokoni. Sasa Thelathini na Moja alikuwa upande ule wa meza, na yeye upande huu.

Daktari alimkaribisha, akamuuliza habari za nyumbani, habari za shule, kisha akampa karatasi moja na kalamu. "Ni maswali tisa tu, Mwalimu. Jaza kadiri ulivyojisikia wiki mbili hizi."

Tatizo ni kwamba ukimpa karatasi ya maswali mtu aliyetunga mitihani ishirini na saba ya mwisho wa mwaka, haisomi kama mgonjwa. Mwalimu aliitazama karatasi akaona mara moja ilivyotengenezwa. Maswali tisa, kila moja na majibu manne, kuanzia sifuri kwa "hapana kabisa" hadi tatu kwa "karibu kila siku." Jumla ishirini na saba. Mtunzi alikuwa mzembe, aliwaza, majibu yote mazuri ameyaweka safu moja. Umekosa hamu ya kufanya mambo? Sifuri. Umejisikia mnyonge, huna matumaini? Sifuri. Usingizi? Sifuri. Uchovu? Hapo kalamu ilisita, kisha sifuri. Swali la tisa liliuliza kama amekuwa na mawazo kwamba ni heri angekufa. Alilisoma mara moja, haraka, akaweka sifuri na kuikoleza. Akapitia kazi yake kuanzia juu, kama alivyowafundisha wanafunzi. Kwenye swali la sita palikosekana mkato. Akautia.

Dakika tatu, amemaliza. Na aibu hii tuiseme wazi: alifurahi. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano alijisikia hodari.

Daktari aliichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko sifuri tisa zinavyohitaji.

"Mwalimu, kwa fomu hii wewe ni mzima kuliko mimi."

"Ahsante."

"Sikuwa nakusifu." Akaiweka kwenye faili. "Sitakuandikia dawa ya ugonjwa ambao umesema huna. Lakini naomba nikuone tena Alhamisi ijayo. Utakuja?"

"Nitaangalia ratiba," alisema Mwalimu, na akaondoka bila kushika shavu.

Nyumbani mumewe alikuwa jikoni ananawa mikono. Baba Pacha alikuwa fundi bomba, mtu mpole mwenye maneno machache ambayo huyatoa moja moja kama anayalipia.

"Wamesemaje?"

"Nimefaulu."

"Umefaulu nini?"

"Vipimo. Sina kitu."

"Haya," alisema Baba Pacha, akaendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.

Ule uhodari ulidumu mpaka alipovua viatu. Kesho yake hali ilirudi palepale, na sasa ilikuwa mbaya zaidi, maana ameshaambiwa ni mzima. Mgonjwa aliyethibitishwa kuwa mzima anaweza kwenda wapi tena? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye mwenyewe alikuwa akiwasomea watoto methali hiyo siku ambazo mwalimu wa Kiswahili hakuja, na akiwataka watoe mifano.

Ikaja wiki ya kusahihisha. Madaftari arobaini na nane ya kidato cha pili yalipangwa mezani pake kwenye ofisi ya walimu, na siku mbili baadaye yalikuwa tayari. Wanafunzi wakapokea madaftari yao, kukawa kimya, halafu kukawa na kelele. Darasa zima limefaulu. Wote arobaini na nane. Hata yule aliyeandika jina lake na tarehe tu alikuwa amepata vema nne. Mkuu wa shule alimpongeza mbele ya gwaride la asubuhi, akisema haya ndiyo matunda ya uvumilivu, na walimu wakapiga makofi, na Mwalimu akasimama pale akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Aliweka vema ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayepiga chapa barua, kwa sababu kusoma kulihitaji kujali, na kujali kulikuwa kumekwisha.

Angekuwa mzima angekufa kwa fedheha. Kilichomtisha ni kwamba hakuona fedheha yoyote. Jioni hiyo alipofika barabara kubwa, mahali alipovuka kila siku ya maisha yake ya kazi, alitia mguu barabarani bila kutazama kulia wala kushoto. Hakuwa amekusudia kitu. Hakujali tu. Gari lilipiga honi na kufunga breki, dereva akatoa kichwa nje na kumwita jina ambalo halifai kwa mwalimu, naye akarudi pembeni. Moyo haukumshtuka hata kidogo. Alisimama pale akausubiri ushtuke, na haukushtuka, na hilo ndilo lililomtia hofu. Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Safari hii alikaa upande wa chumba namba sita. Tusimvishe ushujaa asiokuwa nao, upande wa meno ulikuwa umejaa.

Daktari alimpa karatasi ileile. Mwalimu akaishika kalamu, na mkono, kwa mazoea mabaya, ukaanza: sifuri, sifuri. Kufika swali la tatu daktari akamzuia.

"Mwalimu, unakumbuka ulinipa thelathini na moja?"

"Nakumbuka." Alijua siku hii itakuja. Akajiweka sawa kitini, tayari kuadhibiwa.

"Majibu yangu mengi yalikuwa sahihi."

"Nakumbuka pia. Hukuonyesha njia. Nilisema umeyaiba."

"Niliyaiba kweli," alisema daktari. "Niliangalizia kwa jirani, kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Ndiyo maana karatasi ya mtu aliyeibia naijua." Akaigusa fomu kwa kidole. "Hii sifuri yako haina njia."

Mwalimu alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikubwa, cha kwanza cha kweli tangu mwezi wa pili, na katikati ya njia kikageuka. Akalia kama watoto wanavyolia, kwa sauti, pua na kila kitu, mbele ya Thelathini na Moja. Korido ilisikia, na bila shaka wa meno walidhani huku ndiko kunakong'olewa. Daktari hakumwambia ajikaze. Alisogeza kitambaa, akasubiri.

"Tuache karatasi," alisema baadaye. "Leo asubuhi ulipofumbua macho, kitu cha kwanza ulichofikiria ni nini?"

"Kwamba nimeamka."

"Ukajisikiaje?"

Mwalimu akatazama kalamu tatu za mfukoni mwake. "Nilisikitika," alisema. "Nilisikitika kwamba nimeamka."

Alipolisema aliona halikuangusha ukuta. Daktari hakuruka kwenye kiti wala hakumtazama kwa jicho la ajabu. Alimuuliza tangu lini, akamjibu. Akamuuliza kama amewahi kupanga namna ya kujidhuru.

"Hapana. Sina nguvu hata za kuandaa somo, nitaandaa hilo?"

Daktari hakucheka. Akauliza tena, taratibu, kwa maneno mengine, na Mwalimu akamsimulia habari ya barabara. Wakajaza maswali tisa kwa mdomo, moja moja, kila jibu na maelezo yake. Jumla ilikuwa kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya ishirini na saba, Mwalimu akapiga hesabu kichwani, asilimia sabini, daraja zuri tu. Hakuwahi kufaulu kwa uchungu namna hiyo.

"Huu ni ugonjwa," alisema daktari. "Unaitwa sonona. Si uvivu, na hauhitaji sababu. Unatibika. Nitakupa dawa, na utakuwa unaonana na mshauri wetu kila wiki, mnazungumza. Lakini leo huondoki hapa peke yako. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna. Na asijue mtu. Mume wangu ana kazi zake, nitampa wasiwasi bure."

"Basi ama tunampigia sasa, ama unalala hapa wodini. Chagua wewe."

Alizoea kuwapa watoto uchaguzi wa aina hiyo, na alijua hauna mlango wa tatu. Akapiga simu. Baba Pacha alifika kabla nusu saa haijaisha, ovaroli imelowa magotini, spana bado mfukoni. Mwalimu alikuwa ametayarisha utangulizi, kiini na hitimisho. Alifika utangulizi tu, akayaacha mengine, akasema kwa mkato: "Nimekuwa nikitamani nisiamke."

"Haya," alisema Baba Pacha, na neno lenyewe halikutoka vizuri. Daktari akamweleza kwamba asiachwe peke yake siku hizi za mwanzo, dawa azitunze yeye, namba ya simu ya kliniki ni hii, na akiona mabadiliko asingoje Alhamisi. Baba Pacha alirudia kila agizo kwa sauti ya chini. Kisha akauchukua mkoba wa mkewe, akautia begani, akapita nao korido nzima mbele ya meno na akili, spana mfukoni na mkoba wa kike begani, na wala hakuona kama kuna ajabu.

Wiki ya kwanza ya dawa ilikuwa vichekesho. Kinywa kilimkauka, tumbo lilimchafuka, na ile huzuni haikusogea hata inchi. Mwalimu alikuwa ameambiwa wazi kwamba dawa hizi huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita, na zisikatishwe ghafla. Siku ya tano akachora grafu kwenye karatasi ya miraba, akaona mstari umelala chini, akatangaza kwamba dawa imefeli.

"Leo siku ya ngapi?" aliuliza Baba Pacha, ambaye aliviweka vidonge kwenye sanduku lake la spana na kuutembeza ufunguo shingoni.

"Ya tano."

"Bomba nikilifunga leo, gundi haijakauka, hulifungulii maji." Akampa kidonge na maji. Kwa Baba Pacha hiyo ilikuwa hotuba.

Kwa mshauri, mama wa makamo mwenye sauti tulivu, Mwalimu alifika siku ya kwanza na muhtasari wa kurasa mbili wenye vichwa vya habari. Mshauri akauweka kando, akamuuliza kuhusu dari ya jikoni. Walizungumza dari hiyo saa nzima, na kumbe chini yake kulikuwa na nyumba iliyonyamaza tangu mabinti waondoke, na mama yake aliyefariki huku yeye akisimamia mitihani, na miaka ishirini na saba ya kutokuwa na ruhusa ya kukosea. Alipewa kazi ya nyumbani: kutembea dakika kumi kila siku. Siku ya kwanza alifika kona ya pili na kurudi. Alijipa alama mbili kati ya kumi, mshauri akamwambia hapa hatutoi alama, naye akakasirika, kisha akaona kweli alikuwa amechoka kuzitoa.

Shuleni alipewa ruhusa ya ugonjwa ya wiki tatu. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa mkuu wa shule, akakiri habari ya madaftari. Mkuu, ambaye alikuwa ameshaitaja kwenye kikao cha wazazi, alishika kichwa. Mwalimu aliporudi kazini aliyasahihisha upya yote arobaini na nane, matano kwa siku, na ufaulu ukarudi mahali pake pa kawaida. Ilimuuma kuwaangusha. Aliona ajabu, akashukuru kwamba kitu kimemuuma.

Wiki ya nne daktari alimwongezea kipimo cha dawa kidogo. Wiki ya tano alipiga simu kwa mmoja wa mapacha, akacheka, na baada ya kukata simu alikumbuka kilichomchekesha.

Wiki ya sita walikwenda kliniki pamoja, yeye na Baba Pacha, wakakaa viti viwili mbele ya meza. Mwalimu alijaza fomu kwa jasho. Kusema kweli kulimchukua dakika kumi na tano pale uongo ulipotaka tatu. Jumla ikawa nane. Swali la tisa lilikuwa sifuri, na alipoulizwa njia alikuwa nayo.

"Bado hatujafika," alisema daktari, "lakini tunakwenda. Dawa ziendelee, na mshauri aendelee." Akaandika, akafunga faili. Kisha akageukia upande wa pili. "Na wewe Mzee, unaendeleaje?"

Baba Pacha akatazama nyuma yake, kama kuna mzee mwingine ameingia.

"Mimi? Mimi mzima."

Mwalimu alikuwa karibu kuitikia kwa kichwa. Ila jibu lilitoka upesi mno. Akageuka, akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ya kujitazama mwenyewe. Akaona macho yaliyoingia ndani. Akaona ovaroli inavyomning'inia.

"Baba Pacha. Unalala?"

"Nalala kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Baba Pacha akaivua kofia, akaizungusha mikononi. "Sijalala sawasawa tangu mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu mimi nilikuwa hata hospitali sijafika."

"Najua."

"Sasa usiku kucha unafanya nini?"

"Nakusikiliza unavyopumua," alisema Baba Pacha.

Mwalimu alikuwa ameamini kwa moyo wote kwamba amemficha mtu huyu. Saa tisa alipofumbua macho na kulala ametulia tuli ili asimwamshe, mwenzake alikuwa macho kando yake, ametulia tuli ili asijulikane. Miezi yote ile. Aibu na mapenzi vilimjia kwa wakati mmoja, hata asijue alie kwa lipi.

Daktari alifungua droo, akatoa fomu mpya, akaiweka mbele ya Baba Pacha. Baba Pacha akapapasa mifuko, miwani ameiacha nyumbani. Basi Mwalimu akaichukua kalamu, akawa anamsomea swali, anamsubiri, anamwekea alama. Hakumharakisha. Kwenye usingizi, tatu. Kwenye uchovu, tatu. Kwenye hamu ya chakula alisema moja, mkewe akamtazama, akasema basi mbili.

Likabaki la tisa. Alianza kulisoma, akaishia katikati, akaanza tena.

"Hilo hapana," alisema Baba Pacha kabla hajalimaliza. "Mimi nisingeweza. Nani angebaki kukusikiliza?"

Mwalimu akaandika sifuri. Ilitoka imepinda, nusu yake imeangukia nje ya kisanduku, naye akaiacha hivyohivyo.